Mitazamo Ilikuwa Tofauti

Kamati ya makumbusho ya Port Merrin ilikuwa na watu sita, na katika miaka kumi na moja ambayo Dulcie Wherrett alikuwa akiitunzia nguo zake za kale, haikuwahi kukubaliana juu ya kitu chochote isipokuwa skonzi za Lorraine. Kwa hiyo aliposikia kwamba wamekubaliana kwa sauti moja kufanya maonyesho kuhusu jinsi wapenzi wa jinsia moja walivyoteswa zamani hapa Tasmania, kisiwani kusini mwa Australia, pamoja na wanaume waliovaa magauni na wanawake waliokataa kuyavaa, alielewa mara moja. Paa la makumbusho lilikuwa linavuja, na serikali ya jimbo ilikuwa imetangaza ruzuku kwa maonyesho ya namna hiyo.

"Sasa tunataka vitu," alisema Roslyn Pybus, mwenyekiti, ambaye alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka thelathini na hakuna aliyemwambia kwamba alishastaafu. "Maonyesho bila vitu ni ukuta tu."

Wakaweka tangazo gazetini kuwaomba watu walete kumbukumbu zao. Baada ya wiki tatu walikuwa wamepata kikombe chenye rangi za upinde wa mvua kilichonunuliwa Sydney mwaka juzi, beji moja, na kofia ya askari polisi. Ikaonekana kwamba Port Merrin hapakuwahi kuteswa mtu. Watu wa mji huu walikuwa wema tangu zamani, ila tu hawakuwa wamegundua.

Dulcie alikwenda nyumbani akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Ndani yake lilikuwamo gauni la kijani, kijani cha tufaha bichi, lenye kola ndogo ya mviringo na vifungo tisa vilivyofunikwa kwa kitambaa hichohicho. Kiunoni lilikuwa na mikunjo miwili kila upande, na bitana lake lilikuwa bado linang'aa. Upindo ulikuwa umepanda kidogo upande wa kushoto. Dulcie alilijua kosa hilo vizuri, kwa sababu ni yeye aliyelishona akiwa na miaka kumi na minane, na siku ya kupinda, kaka yake Clive alisimama juu ya meza ya jikoni akicheka mpaka sindano ikampotea Dulcie.

Na kwenye tundu la kifungo cha juu kabisa, pale kifuani, ilining'inia lebo ya karatasi ngumu iliyofungwa kwa uzi wa katani, fundo la mtu aliyejua anachofunga. Wino ulikuwa umefifia lakini unasomeka. *Kielelezo namba 2. Gauni moja, kijani, la kike. Limevuliwa mwilini mwa Clive Raymond Wherrett, mwanamume, miaka 23, karani wa kiwanda cha siagi, Mtaa wa Alma. Jumamosi, 25 Juni 1966, saa kumi na dakika hamsini na mbili jioni. M. Gatehouse, Konstebo.*

Jumamosi ile klabu ya mpira ilifanya tamasha lake la kila mwaka la kuchangia vitanda vya hospitali. Wachezaji kumi na wanne walipanda jukwaani mchana kweupe wamevaa sketi za wake zao, na machungwa kifuani, wakacheza ngoma za kizungu za kurusha miguu. Merv Gatehouse, konstebo wa mji na beki wa timu, alirusha mguu mpaka sketi ya mkewe ikapasuka nyuma, na ukumbi ukacheka hadi benchi moja likavunjika. Picha yake ya siku hiyo ilikuwa imetundikwa makumbusho miaka yote, kwenye chumba cha michezo, chini ya maneno "Burudani za Zamani".

Clive naye alicheza. Ila yeye alikuwa amevaa gauni lililokatwa kwa vipimo vyake. Hakuweka machungwa. Hakuanguka. Alizunguka jukwaa mara moja, taratibu, gauni likamfuata, na watu wakaacha kucheka. Kosa lilianzia hapo. Mwanaume kuvaa gauni halikuwa jambo la kumkasirisha mtu Port Merrin, mradi limkae vibaya.

Sheria ya wakati ule ilimkataza mwanaume kuonekana na mavazi ya kike tangu jua linapozama hadi linapochomoza. Mchana ruhusa. Clive alilijua hilo, na alitoka ukumbini jua bado lipo, ingawa Juni ni majira ya baridi kule na jua huzama kabla ya saa kumi na moja; nyumbani ni mwendo wa dakika kumi na moja. Kwenye kona ya Mtaa wa Alma akakutana na Merv, amekwisha kuvaa sare yake. Merv akamsifu kwa kucheza vizuri. Akamuuliza habari za mama yake. Akamuuliza maoni yake kuhusu mvua, na kama viazi vya mwaka ule vitaoza. Clive alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, akajibu swali moja baada ya jingine. Kisha Merv akaangalia saa yake ya mkononi akamwambia kwamba jua limezama dakika nne zilizopita.

Gauni lilivuliwa kituoni, na baada ya kesi likarudishwa nyumbani pamoja na lebo yake. Gazeti liliandika jina lote, umri, kazi na mtaa. Kiwanda cha siagi kikagundua kwamba kina makarani wengi. Clive akapanda meli kwenda Melbourne na hakurudi tena, hata kumzika mama.

Miaka michache iliyopita serikali ilimwandikia barua yenye nembo, ikimweleza kwamba hatia yake imefutwa na kuanzia sasa ihesabiwe kuwa haikutokea kamwe.

"Dada," alimwambia Dulcie kwenye simu, "kumbe nilihama bure."

Sasa Dulcie alipompigia kumwomba ruhusa ya kulipeleka gauni makumbusho, Clive akakohoa.

"Lipeleke. Nami nitakuja ufunguzi. Daktari amesema moyo wangu unaweza ndege moja ya kwenda na moja ya kurudi, nisimwombe ya tatu. Lakini nina sharti."

"Sema."

"Waniandike jina langu lote, kama gazeti lilivyoniandika. Kazi na mtaa. Na la Merv waliandike."

"Watasita, kaka."

"Gazeti halikusita."

Dulcie akampa ahadi. Alikuwa na miaka sabini na sita, na hiyo ilikuwa ahadi ya kwanza Clive kumwomba tangu ile ya kutomwambia mama ni nani aliyenunua kitambaa.

*

Mbunifu wa maonyesho aliletwa kutoka Hobart, makao makuu ya jimbo. Aliitwa Tamsin, msichana mwenye miwani mikubwa na moyo mwema, na alizungumza sana juu ya safari atakayosafiri mgeni. Chumba chenyewe kilikuwa hatua nane kwa sita, kwa hiyo safari isingemchosha mtu. Alitaka kuta ziwe na rangi zote za upinde wa mvua, na pembeni kuwe na mito ya kukalia ambapo mgeni atatafakari. Dulcie alimwangalia akiipanga ile mito sakafuni, akajiuliza ni nani Port Merrin mwenye magoti ya kumwezesha kuinuka pale baada ya kutafakari.

Lakini Tamsin aliandika kibao cha maelezo kizuri. Kilikuwa na jina la Clive, jina la Merv, kona ya Mtaa wa Alma, mvua na viazi. Dulcie alikisoma mara mbili, akavua miwani akaifuta.

Jumatatu kamati ikakaa na kile kibao na skonzi.

Skonzi, kama ilivyosemwa, zilikuwa za Lorraine. Na Lorraine alikuwa binti wa marehemu Merv Gatehouse. Watu walijitahidi sana kutomtazama siku hiyo, mpaka ukadhani kuna picha ya maana imechorwa kwenye sahani zao.

"Ni kazi nzuri mno," alianza Roslyn, na Tamsin, ambaye hakuwahi kuwa mwanafunzi wake, akatabasamu. "Nina wasiwasi mdogo tu juu ya faragha. Huyu Clive ni mzee. Je, ni haki kumwanika jina?"

"Clive mwenyewe ndiye anayetaka," alisema Dulcie.

"Anadhani anataka, Dulcie mpenzi. Sisi lazima tumlinde."

"Mmechelewa kidogo."

Mtu mmoja akakohoa. Jamu ikapitishwa.

"Na upande mwingine," aliendelea Roslyn, akiitazama sahani yake, "kuna familia. Watu waliotumikia mji huu. Aliyefanya kazi yake kwa mujibu wa sheria ya wakati wake, tumtaje kama mwizi? Makumbusho ni mizani."

Lorraine alikuwa akipaka malai kwenye skonzi. Aliipaka mpaka ukingoni, akaiweka chini bila kuila.

Kwa ajili ya mizani yakakatwa majina, kisha kona na viazi. Kisha ikakatwa mvua. Kisha neno "alikamatwa" likaonekana kali, likawa "alihojiwa", na baadaye "alipitia changamoto". Tamsin alikuwa akifuta kwenye kompyuta yake huku uso ukizidi kuwa mwekundu. Saa moja na nusu baadaye kibao kilikuwa kimekamilika, nacho kilisema hivi:

*Gauni la kijani, takriban mwaka 1966. Lilivaliwa na mkazi mmoja wa wilaya hii, katika kipindi ambacho mitazamo ilikuwa tofauti.*

"Kina heshima," alisema Roslyn.

"Takriban?" aliuliza Dulcie. "Tuna hadi dakika yake."

"Mgeni hapendi tarakimu nyingi."

Na ili mizani ikae sawa, ile kofia ya askari ikapewa sanduku lake la kioo lenye taa ndani. Gauni halikupewa taa, kwa sababu mwanga hufifisha nguo za kale.

Dulcie alirudi nyumbani akijisemea njia nzima. Mitazamo! Kana kwamba mitazamo ndiyo iliyosimama kwenye kona. Mitazamo haivai saa ya mkononi. Mitazamo haimuulizi mtu habari za mama yake huku ikisubiri jua lizame.

Jioni akampigia Clive, akamsomea kibao neno kwa neno, maana hakuwahi kumdanganya.

"Mkazi mmoja," alirudia Clive.

"Nimejaribu, kaka."

"Najua umejaribu. Basi lirudishe sandukuni, na mimi nifute tikiti. Nina miaka themanini, Dulcie. Siwezi kupanda ndege kuja kumtazama mkazi mmoja."

*

Kesho yake asubuhi Dulcie alikwenda kwenye chumba cha kazi kulifunga gauni alirudishe. Alivaa glavu nyeupe. Alitandaza karatasi laini mezani, akalilaza gauni chali, akakunja mkono wa kulia, akakunja wa kushoto. Ile lebo ilikuwa imekaa vibaya, ingeweza kukunjika. Akashika mkasi mdogo ili aulegeze ule uzi wa katani, kisha mkono ukasimama hewani.

Juu ya sinki, mahali ambapo mtu hawezi kunawa bila kuzisoma, zilikuwa zimebandikwa kanuni kumi na mbili za makumbusho, zimeandikwa na Roslyn mwenyewe na kufunikwa kwa plastiki zisilowe. Kanuni ya nne ilikuwa na mistari miwili chini yake. *Lebo ya asili iliyofungwa kwenye kitu ni sehemu ya kitu. Haikatwi, haihamishwi, haifichwi.*

Mistari ile miwili ilichorwa kwa ajili ya Dulcie. Miaka tisa nyuma alikata kikaratasi cha dobi kwenye gauni la ubatizo la mwaka 1911, akidhani anasafisha. Roslyn alimhutubia dakika ishirini mbele ya kamati nzima. Alimwambia lebo ni sehemu ya kitu kama pua ilivyo sehemu ya uso. Alimuuliza kama angeweza kumkata mtu pua ili apendeze. Dulcie alikuwa mtu wa kukubali kosa, akalikubali, na tangu siku hiyo hakuwahi kukata hata uzi uliolegea bila kuuliza.

Akaweka mkasi chini. Akacheka peke yake, kicheko cha puani, mpaka mikono ikamtoka jasho ndani ya glavu.

Kisha akaenda kuchukua sanamu ya kuvalishia.

Alifanya kazi siku mbili. Sanamu ilikuwa na kifua kikubwa, akaibadilisha kwa nyembamba zaidi, akaijaza pamba mabegani, kwa kuwa Clive alikuwa na mabega ya mwogeleaji. Akashona bitana la chini lisiloonekana ili kitambaa kisivutike. Akafunga vifungo vinane, kuanzia chini. Cha tisa, cha juu kabisa, alikiacha wazi, kwa sababu tundu lake lilikuwa na mwenyewe. Lebo ikalala kifuani, sawasawa na macho ya mtu wa kimo cha kawaida. Halafu akampigia Clive akamwambia asifute tikiti kwanza.

Roslyn alifika Ijumaa mchana, siku moja kabla ya ufunguzi, akiwa na orodha mkononi. Alilizunguka gauni. Akasimama mbele.

"Hiki nini?"

"Lebo."

"Naona ni lebo. Inafanya nini hapo?"

"Ndipo ilipofungwa."

Roslyn akavaa miwani akasoma. Alisoma polepole, kisha akasoma tena kwa haraka.

"Dulcie mpenzi, hii itolewe."

"Haikatwi," alisema Dulcie, akiokota uzi sakafuni.

"Basi isogezwe ndani ya kola."

"Haihamishwi."

"Tuifunike na skafu, kitambaa, chochote!"

"Haifichwi," alisema Dulcie kwa upole kabisa. "Mwenyekiti, mimi ni mshonaji tu. Nafuata ukuta."

Roslyn akatazama kuelekea chumba cha kazi, kwenye lile sinki. Tamsin, aliyekuwa akipanga mito, ghafla akaona kuna mto mmoja unaohitaji kupangwa akiwa amewapa mgongo.

"Kanuni ile ilikuwa kwa ajili ya vitu vya... vya kihistoria," alisema Roslyn.

"Na hiki ni nini, mwenyekiti? Kimo makumbusho."

Hapo mlango ukasukumwa kwa nyonga, akaingia Lorraine na trei mbili za skonzi za ufunguzi. Akawaona wamesimama, akaona wanachokitazama, akaja na trei zake. Hakukuwa na mtu wa kumzuia, na hata angekuwepo, nani amzuie mwanamke mwenye skonzi sitini?

Alisoma lebo yote. Akanyoosha trei bila kuziangalia. Dulcie akazipokea.

"Mwandiko wa baba," alisema Lorraine. "Tazama hilo jina. Kila mwaka wa shule alikuwa akikaa mezani kuniandikia madaftari yangu hivyohivyo. Gatehouse, na mkia kwenye herufi ya mwisho."

"Lorraine mpenzi," alisema Roslyn, "ukisema neno moja tu, gauni lote linaondoka. Kamati itaelewa. Hakuna atakayekulaumu."

Dulcie akaipitia tena kanuni kichwani. Kanuni ya nne ilisema lebo isiondolewe kwenye gauni. Haikusema lolote kuhusu gauni kuondolewa chumbani.

Lorraine akasogea karibu na gauni. Aliinama akaangalia upindo, akaangalia vifungo.

"Hili umelishona wewe, Bi Dulcie?"

"Mimi."

"Lilimpendeza?"

"Sana. Hiyo ndiyo ilikuwa shida."

Lorraine akageuka akatoka. Wakasikia viatu vyake vikielekea chumba cha michezo, kisha kitu kikikwaruza ukuta. Akarudi amebeba picha, fremu na vumbi lake, akaisimamisha kwenye rafu pembeni ya gauni. Merv, mguu juu, machungwa yamehama mahali pake, sketi imepasuka.

"Mama hakumsamehe ile sketi mpaka anakufa," alisema. "Alikuwa akituambia kila Krismasi. Ya huyu kijana hakutuambia hata mara moja." Akafuta vumbi kwa kiganja. "Kama tunaonyesha, tuonyeshe. Roslyn, acha kunitazama hivyo. Baba aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, na akatia sahihi. Hakuona haya yeye, mnamwonea haya ninyi?"

Kofia ya askari ikapoteza sanduku lake la taa jioni ileile, kwa sababu picha ilihitaji mahali.

*

Clive alifika Jumamosi na suti ya kijivu, fimbo, na malalamiko kuhusu baridi. Hotuba zilikuwa tatu. Diwani alisema mji umetoka mbali, ingawa hakusema ulikuwa umekwenda wapi. Roslyn alisema kamati ilisimama imara tangu mwanzo kutaka ukweli wote usemwe, na Dulcie akapiga makofi kama wengine, kwa glavu.

Kisha Clive akasogea mbele ya gauni. Watu wakampisha. Alivaa miwani akasoma lebo, kidole kikifuata mistari bila kugusa, midomo ikicheza. Alipofika kwenye jina la konstebo akasimama hapo muda mrefu. Lorraine alikuwa nyuma yake na sahani.

"Pana kosa," alisema Clive.

Dulcie akasogea aone.

"Wameandika miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa na ishirini na mbili. Arekebishe mtu."

Roslyn Pybus akajipenyeza kati ya watu, kidevu juu, sauti ile ya miaka thelathini.

"Samahani, Bwana Wherrett. Lebo ya asili haiguswi. Ni sehemu ya kitu."

Clive akamtazama Dulcie. Dulcie akatazama dari, ambalo halikuwa linavuja tena.

"Haya," alisema Clive. "Basi isiguswe. Na huu upindo, Dulcie! Miaka hamsini na minane, na bado umepanda kushoto?"

"Ungesimama wima bila kucheka, usingepanda."

Lorraine akamnyooshea sahani. Alikuwa ameshika kwa mikono miwili. "Mimi ni Lorraine Gatehouse," alisema.

Clive akaitazama sahani, kisha akamtazama yeye, kisha ile picha ya machungwa. Akachukua skonzi moja.

"Baba yako alikuwa hodari wa mazungumzo," alisema. "Hebu niambie, viazi vya mwaka huu vimeoza?"

Lorraine akajiuliza kama anatukanwa. "Vichache," akajibu. "Upande wa mtoni."

Walikaa mpaka saa kumi na mbili. Nje jua lilikuwa limezama zamani, na hakuna aliyeangalia saa isipokuwa Clive. Akamshika Dulcie mkono, wakapita kona ya Mtaa wa Alma bila kusimama, maana baridi ilikuwa kali na chai ilikuwa inawangoja nyumbani.